Sifuri ya Mama Meshack

Kabla hamjaisikia habari hii kwa Lemburis, mwenyekiti wetu wa kitongoji, anayeisimulia kana kwamba akili ya binadamu aliigundua yeye, afadhali niieleze mimi. Naitwa Athumani, fundi cherehani wa Maji ya Chai. Kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, na ng'ambo yake ni mgahawa wa Elinipa, yaani Mama Meshack. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili tunatazamana mlango kwa mlango. Mke wangu mwenyewe sijawahi kumtazama kiasi hicho, na ameshanilalamikia.

Elinipa ana miaka sitini na minane na oda haandiki. Ana meza sita, chai ya maziwa, chai ya rangi, mtori wa ndizi, supu, chapati, maandazi na mdomo. Siku ya soko watu huingia kwa mkumbo, kila mmoja anaagiza huku anaongea na simu, naye anasimama mlangoni mikono ameifunga kifuani, anasikiliza tu. Kisha anaingia jikoni, na kila mtu anapata chake. Siku moja niliwahesabu, kwa wivu tu. Walikuwa ishirini na sita. Mmoja hakutaka tangawizi, mmoja alitaka chapati iliyoungua kidogo pembeni, na mmoja alihama kutoka supu kwenda mtori, akarudi kwenye supu. Huyo wa mwisho alipoletewa supu akabisha kwamba aliagiza mtori. Elinipa akamrudishia maneno yake yote kama alivyoyasema, pamoja na pale alipokohoa katikati.

Mimi nina daftari, nina kalamu mbili, nina utepe wa kupimia shingoni, na bado mwaka huu nilimshonea mtu suruali yenye mguu mmoja wa mteja mwingine. Kwa hiyo sioni haya kusema kwamba kichwa cha yule mama nilikuwa nakionea gere.

Siri yake alinipa siku moja ya mvua, wateja hawapo. Kanisani kwao, Walutheri wa huko juu kidogo, amekuwa akipokea waumini mlangoni kwa miaka thelathini, na anajua kila mtu anakaa wapi. Watu wa pale wana viti vyao kama kuku walivyo na vichanja vyao. Basi Elinipa akipokea oda, anaikalisha. Chai isiyo na sukari anaiweka benchi la kwanza kwa wazee wa kanisa, maana daktari amewakataza. Mtori unakaa na kwaya ya akina mama. Supu ya kongoro anaiweka nyuma, kwa vijana wanaotoka kabla ya sadaka. Akifika jikoni anapita tu kati ya mabenchi kichwani mwake akiwakusanya. Nilimuuliza mimi Mwislamu angenikalisha wapi. Akasema dirishani, nje, na wale wanaokuja harusini tu. Nilikubali, dirishani kuna hewa.

Alizaliwa mlimani, kwenye kahawa na migomba, mtoto wa sita kati ya tisa. Shuleni aliishia darasa la nne, na kwa maelezo yake mwenyewe ni kwa sababu mwalimu wa hesabu alichoka kusahihishwa. Akaolewa na Elinami, mwanamume mpole aliyeimba besi kanisani na kunyamaza nyumbani, wakashuka hapa barabarani na birika moja. Mungu akawapa mtoto mmoja tu, Meshack. Elinami alifariki miaka sita iliyopita. Elinipa alifunga mgahawa siku arobaini, na nilikunywa chai ya mahali pengine nikijiona msaliti.

Meshack ni mtoto mwema, na wema wake ndio tatizo. Anafanya kazi mjini Arusha, kwenye ofisi ya kupangia watalii safari zao, anaishi Kijenge kwenye nyumba yenye geti, na amemwandalia mama yake chumba chenye televisheni na kochi ambalo bado liko ndani ya nailoni. Mwaka huu alianza kusema akili ya mama inachoka. Ushahidi wake ulikuwa mambo mawili. La kwanza, sufuria ya maharage iliyoungua Januari. Hilo nalijua, liliungua kwa sababu mama alitoka kuja kusikiliza nikigombana na mwenye suruali. La pili lilikuwa zito zaidi. Siku ya Pasaka, kanisani, mbele ya waumini, alimgeukia Meshack akamwita Elinami, jina la marehemu baba yake. Nilimuuliza Elinipa ilikuwaje. Akaniuliza kama cherehani yangu haina kazi.

Kijenge alishakaa siku nne. Alirudi amenyamaza kama mtu aliyetoka kulazwa. Aliniambia kule hamjui mtu hata mmoja anakunywa chai ya namna gani, na kwamba kichwa chake kwa siku zote nne kilikuwa kanisa tupu. Kwa hiyo lieleweke: Meshack alikuwa anangoja ushahidi wa tatu tu. Akiupata, mgahawa unafungwa na mama anahamishwa. Na ushahidi wenyewe, Mungu anisamehe, niliuleta mimi.

Ilikuwa hivi. Binti mmoja aitwaye Brenda, mzaliwa wa Sombetini, mjini Arusha, anayesoma chuo kikuu, alimwandikia Lemburis barua ya kuomba kufanya utafiti wa sayansi ya utambuzi. Kwa wasomi, utambuzi ni namna kichwa kinavyojua mambo, kinavyoyakumbuka na kuyapambanua. Kwetu sisi utambuzi ni mtu kuja na fomu kutafuta kaya maskini zisaidiwe. Lemburis aliisoma barua mpaka kwenye neno hilo, akaona yanayofuata hayana maana, akachukua kipaza sauti. Akatangaza kwamba Jumanne kutakuwa na zoezi la utambuzi, kila kaya ilete mtu mmoja, na asiyekuja asimlaumu mtu.

Utambuzi uliopita Elinipa aliachwa. Alijibu maswali yote haraka mno. Aliulizwa ukubwa wa shamba akautaja mpaka hatua za mguu, akamsahihisha mwenye fomu tahajia ya jina la kijiji, na yule bwana akaandika kwamba mama huyu anajiweza. Wakati huohuo ng'ombe wake mmoja wa maziwa alikuwa amekufa, na tangu hapo maziwa ya chai anayanunua kwa jirani anayeyaongezea maji ya mto. Mto wetu una rangi ya chai tangu zamani, ndilo jina la mahali, lakini hiyo haina maana kwamba tunataka kuunywa mara mbili.

Jioni ya tangazo watu walijaa kwa Elinipa wakiulizana kitatolewa nini safari hii. Nilikuwa nina chapati mdomoni na nilisema neno moja, labda. Nilisema, labda mitamba. Asubuhi yake Maji ya Chai nzima ilijua kwamba kila kaya itakayotambuliwa itapewa mtamba wa maziwa, mwenye mimba tayari. Kila mtu alikuwa ameisikia kwa mtu wa kuaminika, na nikaanza kuiamini hata mimi.

Matayarisho yalikuwa makubwa. Ng'ombe watatu wa Lemburis walikwenda kuwasalimia ndugu zake Kikatiti. Cherehani yangu ya umeme niliilaza chini ya kitanda nikaiacha ile ya mguu, iliyovunjika. Elinipa alivaa kitenge anachopigia deki, akavaa kandambili za rangi mbili, na aliponipita akaniambia kwamba safari iliyopita akili ndiyo iliyomponza, safari hii anaiacha nyumbani.

Brenda tulimkuta ofisi ya kitongoji, msichana mwembamba wa miwani, anatoa shikamoo kwa kila mtu mpaka akampa shikamoo kijana wa bodaboda. Kabla ya kipimo alitaka tuelewe sayansi yake ilikotoka. Tulitulia kama watu wanaosomewa wosia.

Alianza mbali. Alisema tangu kale wenye hekima walibishana akili ni nini, karne kwa karne, bila kupima kitu. Kisha, karne ya kumi na tisa ikielekea mwisho, wakafungua maabara, wakawa wanawaketisha watu na kuwauliza wanaona nini ndani ya vichwa vyao, na kila mmoja akaona lake. Wengine, hasa Marekani, wakachoka. Wakasema mambo ya ndani ya kichwa hayaonekani, tuyaache, tutazame matendo tu. Mpe panya chakula kila akibonyeza kitufe, atabonyeza tena, na hiyo inatosha. Kichwa wakakifanya sanduku lililofungwa, na kwa miongo kadhaa ikawa karibu aibu kwa msomi wa huko kutaja kilichomo.

Elinipa akauliza kama hao waliosema mambo ya ndani ya kichwa yaachwe walilifikia wazo hilo kwa kutumia nini. Brenda akacheka akasema ni swali zuri sana. Nikamwona Elinipa anashtuka na kuuma mdomo, kwa kukumbuka kwamba akili ilitakiwa iwe nyumbani. Lemburis naye akaninong'oneza kwamba kama wameanza na panya, ng'ombe hawako mbali.

Brenda akaendelea. Zikaja kompyuta. Watu wakaona chuma kinapokea habari, kinazihifadhi, kinazigeuza, kinazitoa, wakajiuliza kwa nini tuogope kusema binadamu naye hufanya hivyo. Wa lugha wakasema mtoto mdogo husema sentensi ambazo hakufundishwa na mtu, na hilo panya na kitufe hawawezi kulieleza. Miaka ya hamsini yote hayo yakakutana, na wengi wanauhesabu mwaka 1956 kuwa ndio sayansi hii ilipozaliwa, kwa saikolojia, lugha, kompyuta, falsafa, elimu ya ubongo na elimu ya mila za watu kupikwa sufuria moja, kama makande. Mtaalamu mmoja, alisema, alionyesha kwamba kichwa hushika kwa mara moja vitu kama saba hivi, visipofungwa mafungu.

Hapo mnong'ono ukapita mstari kwa mstari: visizidi saba. Tulielewa kwamba hicho ndicho kiwango cha umaskini.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Unaonyeshwa picha thelathini, moja moja: ndoo, jogoo, mwavuli, kiatu na kadhalika. Unakwenda kunywa soda. Ukirudi, unaonyeshwa picha mbili mbili, moja uliyoiona na moja ngeni, unaulizwa uliyoiona ni ipi. Nilionyeshwa jogoo na bata. Jogoo nilikuwa nimemwona vizuri kabisa, mpaka kilemba chake. Nikanyoosha kidole kwa bata, kwa huzuni, kama mtu asiye na msaada.

Kwetu mtu haondoki kwenye utambuzi bila karatasi, na Brenda alipoona hatuondoki akatuandikia kila mmoja kikaratasi chenye jina la mtu, alama, na namba ya simu ya Brenda mwenyewe. Lemburis akavigonga muhuri bila kuombwa. Mimi nilipata mbili. Elinipa alipata sifuri juu ya thelathini, akaongoza kitongoji. Alinitazama kwa huruma ya kweli akaniambia kwamba mimi labda nitapewa mkia. Kikaratasi chake alikitundika mgahawani, kwenye msumari wa kalenda, mahali ambapo mtu wa mitamba asingekikosa.

Aliyekiona kwanza ni Meshack. Alikuja Jumamosi na sukari ya mama yake, akaamkia, akaketi, macho yakapanda kwenye kalenda. Akauliza ni nini. Lemburis, aliyekuwa anakunywa chai mezani pale, akamjibu kwa fahari kwamba mama yake amewashinda watu wote. Meshack akakishusha. Chini ya jina palikuwa pameandikwa kwa herufi ndogo: kipimo cha kumbukumbu. Akakisoma mara mbili, halafu akamwangalia mama yake kwa macho ambayo sikuyapenda, macho ya mtu anayetazama nyumba ya zamani akiona ufa.

Elinipa alifungua mdomo. Akamtazama Lemburis, akanitazama mimi, akaufunga. Angesema amedanganya, mitamba ya kitongoji kizima ingepotea hapo hapo.

"Mama," Meshack akasema, "Jumamosi ijayo nakuja na gari. Tunafunga hapa, unahamia kwangu. Safari hii sikuulizi."

Alisema kwa upole, na alipotoka nilimwona amesimama nje akijifuta macho kwa kiganja. Mchana ule Elinipa aliniletea chai ya rangi. Nimekunywa chai yake ya maziwa kwa miaka ishirini na miwili. Niliinywa hiyo hiyo, oda ya kwanza kuikosea tangu nimjue, na iliniuma kuliko ningemwagiwa.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilimwambia akaseme ukweli kwa mwanawe. Akanijibu kwamba akisema, kaya thelathini na mbili zinakosa ng'ombe kwa ajili yake, na akinyamaza anakosa yeye peke yake, na hesabu hiyo hata aliyeishia darasa la nne anaiweza. Mtu mmoja tu Maji ya Chai nzima alijua ng'ombe hao walikotoka, na mtu huyo alikuwa na utepe shingoni.

Alhamisi nilishindwa. Nilivuka barabara nikamwambia kwamba mitamba nilianzisha mimi, kwa neno moja, na chapati mdomoni. Nilitegemea matusi. Yeye akasema ilikuwa Jumatano, nilikaa meza ya tatu, nilivaa shati la mistari lenye kifungo kisichofanana na vingine, na chapati ilikuwa ya pili. Alikumbuka yote. Alichokuwa hakijui ni kwamba neno lile lilikuwa la kwangu na si la kusikia. Akaninyima chai siku ile na siku iliyofuata. Lakini kabla ya kuninyima aliniagiza nimpigie simu yule binti.

Brenda alipopokea alisikika kama mtu aliyekuwa analia. Alisema alikuwa tayari anapanga kurudi. Majibu ya Maji ya Chai yamemshangaza mwalimu wake, ambaye amemuuliza kama aliwapima watu au picha zao.

Jumamosi pikapu ilifika saa nne asubuhi. Meshack alikuwa ameshapakia viti karibu vyote na lile birika kubwa wakati Brenda aliposhuka kwenye bajaji na mkoba wake. Elinipa alikuwa amekaa kwenye kiti kilichobaki, amevaa nguo za kanisani, mkoba mapajani. Watu walishajaa, maana kwetu mtu akihama hata asiyemjua huja kumwangalia.

Nilianza mimi. Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba hakuna mitamba, haikuwapo, na aliyeileta ni mimi. Sitaandika nilichoambiwa. Lemburis ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu ng'ombe wake mmoja alikuwa ameshazaa kule Kikatiti na ndugu zake walikuwa wanasema ndama ni zawadi. Brenda alisikiliza, akatuuliza mitamba gani, akaelezwa utambuzi ni nini kwa Kiswahili cha watu. Akavua miwani akaifuta muda mrefu.

Meshack akasema ameelewa, watu walijifanya, lakini mama yake ni mgonjwa, sifuri yake haihusiani na kujifanya. Hapo Brenda akamgeukia.

"Kaka, asiyekumbuka kitu chochote, akibahatisha tu, atapata kama kumi na tano. Picha ni mbili, moja lazima iwe sahihi. Mtu hawezi kuzikosa zote thelathini mpaka azijue zote thelathini."

Watu wakaipiga hesabu kwa vidole. Nami nikakumbuka zile mbili zangu. Nilikuwa nimezipata kwa sababu ndizo nilizosahau kweli.

Meshack ana kichwa kigumu, na sijui alikitoa wapi kama si pale pale kwenye kile kiti. Akasema labda ilikuwa bahati mbaya. Brenda akamweleza kwamba bahati mbaya ya namna hiyo ni kurusha sarafu mara thelathini ikaangukia upande wa kushindwa kila mara, na humpata mtu mmoja kati ya zaidi ya bilioni moja. Meshack akasema mama yake kweli hana bahati.

Elinipa akainuka. Akamwambia Brenda atoe orodha yake aifuate. Kisha akafumba macho, akaingia kanisani.

Ndoo alikuwa amemkalisha na mwinjilisti, maana wote wawili wana sauti ya kujaa. Jogoo alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele, anayeanza kabla ya wenzake. Mwavuli alikaa na mama mchungaji, ambaye hufunika mambo. Kiatu kilikuwa nyuma, kwa vijana. Akaenda hivyo benchi kwa benchi, upande wa wanawake, kisha upande wa wanaume, siku kumi na moja baada ya kuziona mara moja tu, na waliotajwa wenyewe wakiwa wamesimama pale wakijua sasa wanafananishwa na nini. Aliyekalishwa na sufuria iliyotoboka aliondoka bila kuaga. Brenda alikuwa anaweka vema kwenye karatasi. Thelathini zilipotimia Elinipa akafumbua macho, akaongeza kwamba bata aliyenyooshewa kidole na Fundi hakuwemo, tena Fundi aliwahurumisha watu bure.

Brenda akasema hayo ya kukalisha vitu mahali ni mbinu ya kale mno, na wataalamu wa kumbukumbu bado wanaichunguza. Akaomba aje kujifunza kwake miezi mitatu. Elinipa akamwambia aje, atamkuta anaosha vyombo, na sahani ni nyingi.

Watu wakamwambia Meshack ajipime naye. Akakubali. Brenda alikuwa na kadi nyingine mkobani. Meshack alizitazama zote thelathini huku simu inamwita, akamjibu mtalii mmoja, akampigia dereva, akarudi. Walipomaliza, Brenda aliona haya kutaja alama. Lemburis akakichukua kikaratasi akasoma kwa sauti ya kipaza sauti: kumi na sita. Halafu akakigonga muhuri.

Tulicheka mpaka dereva wa pikapu akashuka kuuliza kuna nini. Elinipa peke yake hakucheka. Alimwambia mwanawe, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kwamba chumba cha nyuma kina kitanda na chandarua, ahamie tu baba, asione aibu, tutamtunza. Meshack akacheka naye, ila kicheko chake kilikatika katikati. Alimsogelea mama yake. Nilikuwa karibu, na kusikiliza ni tabia yangu.

"Na Pasaka, mama? Uliniita Elinami."

Elinipa alikuwa ameshaanza kulivuta birika lake kutoka kwenye gari. Akaliacha.

"Ulichelewa kuingia," alisema. "Ukaenda kukaa benchi la nne, mwisho, karibu na nguzo. Miaka sita hapajakaa mtu pale, mwanangu."

Meshack aliweka mkono begani kwa mama yake. Kisha akapanda kwenye pikapu, akaanza kushusha viti.